Neno "Kwa" na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Kila ufikapo wakati wa mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huketi nyuma ya darasa, daftari mkononi, tukimtazama mwalimu mwanafunzi anavyoendesha somo lake. Aghalabu tuyaandikayo humo ni mambo ya kawaida: mwandiko wa ubaoni, sauti, zana, mgawanyo wa muda. Mara moja moja hutokea jambo lisilo na nafasi yake katika fomu ya ukaguzi, nalo hutufanya turudi chuoni tukiwa na deni. Makala haya yatokana na deni la namna hiyo.

Lilikuwa somo la Hisabati, darasa la nne. Juma lililotangulia watoto walikuwa wamefundishwa kugawanya, na mwalimu wao, kwa nia njema kabisa, aliwapa ufunguo: "Mkiona neno 'kwa' katika swali, jueni mnatakiwa kugawanya." Ufunguo ukafungua. Gawanya 12 kwa 3. Wakapata 4, na darasa zima likafurahi. Siku tuliyokuwapo sisi, swali la ubaoni lilikuwa hili: "Bustani ya shule ina ukubwa wa mita 12 kwa mita 3. Tafuta eneo lake." Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 4. Mwalimu akapita kati ya madawati na kalamu nyekundu, akitia alama ya kosa daftari baada ya daftari. Msichana mmoja akasimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, ulisema 'kwa' ni kugawanya." Mwalimu akajibu, "'Kwa' hii siyo ile." Mtoto akauliza, "Ni ipi, mwalimu?" Hakujibiwa. Kengele ililia, na nadhani mwalimu hakupata kuifurahia kengele kama siku ile.

Baada ya kipindi tulikaa naye chini ya mwembe. Tulikuwa tumekusudia kumlaumu, ila tulipomwuliza anajua nini juu ya neno hili, alitutajia matumizi saba bila kusita, kila moja na mfano wake, kwa utaratibu uleule tuliomfundisha sisi. Katika jaribio la Kiswahili alikuwa amepata alama zote. Alijua matumizi saba kwa moyo, na la nane lilipomjia mlangoni hakulitambua. Kosa hilo ni letu.

Maoni yetu, basi, ni kwamba neno "kwa" halifai kufundishwa kama orodha, wala chuoni wala shuleni. Na kwamba si haki kumtia mtoto alama ya kosa kwa sababu ya neno ambalo sisi wenyewe hatukumwonyesha linavyofanya kazi. Wako wenzetu watakaosema kuwa orodha huleta utaratibu, na kuwa mitihani huidai. Hilo twalikubali nusu. Orodha humfaa mtu anayekwisha kulijua jambo na sasa anataka kulipanga. Mtoto hajafika huko, na mwalimu wake ambaye amepanga kabla ya kuona, amepanga makabati matupu.

Tuanze pale mtoto mwenyewe anapoanzia. Kabla hajatia mguu shuleni, amekwisha kutumwa: "Nenda kwa bibi ukachukue chumvi." Hakuna aliyemweleza kuwa "kwa bibi" maana yake ni nyumbani kwa bibi, amelijua hilo kama anavyoijua njia ya kwenda huko. Hapa ndipo penye mzizi wa neno. Twasema kiti cha Asha, jina la Asha, nyumba ya Asha, nyumbani kwa Asha. Cha, la, ya na kwa ni ndugu wa tumbo moja: shina ni -a ya uhusiano, na kila mmoja amevaa kiambishi cha ngeli yake. "Kwa" amevaa ku- ya mahali. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1944, alilijadili neno hili pamoja na ndugu zake hao, na hadi leo hatujaona njia iliyo bora zaidi ya kuliingia.

Mahali huko kumeandikwa katika ramani. Dar es Salaam kuna Mtoni kwa Aziz Ali na Tandale kwa Mtogole. Mkoani Tanga kuna Kwamsisi na Kwamndolwa; Ukambani, Kenya, kuna Kwa Vonza; na kusini kabisa mwa Afrika kuna KwaZulu. Watu wa lugha mbalimbali zilizo na undugu na Kiswahili wamelitumia neno lilelile kusema: hapa ni kwa fulani. Mwalimu aliyepangiwa shule ya kijijini aulize watoto majina ya vitongoji vyao. Haielekei atakosa kupata "kwa" mbili tatu za kuanzia somo lake, tena bila gharama ya zana. Na methali iko tayari: mcheza kwao hutuzwa. Katika "kwao" humo, neno nyumba halikutajwa, wala halihitajiki.

Iko ku- nyingine, ile ya kitendo kilichofanywa jina: kusoma, kuimba, kupika. Hiyo nayo huzaa "kwa": kuimba kwa Asha, kusoma kwa watoto. Sasa tazama sentensi hii: "Tulifurahia kuimba kwa Asha." Je, Asha ndiye aliyeimba, au sisi ndio tulioimba, na mahali palikuwa nyumbani kwake? Sarufi yakubali yote mawili. Ni habari iliyotangulia tu itakayoamua. Twapenda sana sentensi hii, na twashauri ipelekwe darasa la sita au la saba, watoto waachwe wabishane. Mabishano ya namna hiyo, yakiongozwa vema, yana faida kuliko kurasa tano za mazoezi ya kujaza nafasi.

Kutoka mahali, neno limetembea mbali. Limekuwa chombo: kata kwa kisu. Limekuwa namna: soma kwa makini, na hapa limeifaa lugha yetu pakubwa, maana vielezi vyetu vya asili si vingi, nalo hugeuza karibu jina lolote kuwa kielezi. Limekuwa sababu: alikufa kwa njaa. Limekuwa badala: usiache mbachao kwa msala upitao. Limekuwa kiungo cha jozi: wake kwa waume, bega kwa bega. Twaamini kwamba katika zote hizo unabaki ule wazo wa kwanza, yaani kitu ambacho tendo limekiegemea kama mtu anavyoegemea kwao. Lakini hatutawalazimisha wasomaji wetu kuamini hivyo, na hakika hatungependa wakalihubiri darasani. La kushika ni hili: "kwa" peke yake haisemi lolote. Husema ikiwa na jina lililoifuata na kitenzi kilichoitangulia.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye Hisabati, na ndipo penye hatari. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, kufuatia siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, mwalimu wa Hisabati amekuwa mwalimu wa Kiswahili pia, atake asitake. Tazama kazi anayoipa "kwa" katika somo lake. Zidisha 6 kwa 4: 24. Gawanya 24 kwa 4: 6. Neno ni lilelile na matendo yanapingana. Kitenzi ndicho kinachoamua. Mita 12 kwa mita 3: hapa kitenzi hakipo kabisa, na mtoto atakiwa ajue kuwa zimetajwa pande mbili za mstatili. Kilomita 60 kwa saa: akiulizwa mwendo wa saa 3 atazidisha, akiulizwa muda wa kwenda kilomita 180 atagawanya. Timu yetu imeshinda mabao 3 kwa 2: hakuna cha kuzidisha wala kugawanya. Mtoto aliyepewa ufunguo mmoja kwa milango yote hii atavunja kufuli au atavunja ufunguo.

Mbaya zaidi ni uwiano. Fundi achanganya saruji na mchanga 1 kwa 4, yaani ndoo 1 ya saruji na ndoo 4 za mchanga. Saruji ni sehemu gani ya mchanganyiko? Wengi hujibu robo, na tumeona hata walimu wanafunzi wakijibu hivyo. Ndoo zote ni 5, kwa hiyo saruji ni sehemu moja ya tano. Aliyejibu robo amesoma "1 kwa 4" kana kwamba imeandikwa "1 kati ya 4". Hakukosa hesabu, alikosa Kiswahili. Kadhalika swali la sokoni: "Mama aliuza maembe 3 kwa shilingi 600." Je, 600 ni bei ya yote matatu au ya kila moja? Mzaliwa wa lugha ataelewa yote matatu, lakini mtunga swali asiyeangalia ataongeza chini yake jibu la 1,800, na mtoto aliyeelewa sawasawa ndiye atakayekosa. Tumeuona mtego huo katika karatasi za majaribio zaidi ya mara moja.

Katika somo la Kiswahili penyewe makosa ni ya namna nyingine. Mtoto huandika "aliandika barua kwa mimi", nasi twasahihisha "kwangu", kisha twaridhika. Lugha yetu ina njia iliyo nyofu zaidi: "aliniandikia barua". Kitenzi chenyewe kimebeba mtendewa, wala "kwa" haihitajiki. Vivyo hivyo "nilimpa kitabu kwa Juma", ambayo twaisikia hata katika hotuba, yatosha kuwa "nilimpa Juma kitabu". Yafaa pia "kwa" itenganishwe mapema na "na". Mbuzi alichinjwa na babu kwa kisu: babu ndiye mtenda, kisu ni chombo. Mtoto aliyelishika hilo hatasema mbuzi alichinjwa kwa babu, ila kama anataka kutuambia karamu ilikuwa wapi. (Na katika imla, msishangae kuona "kwa mba" na "kwa nza". Mtoto amejifunza kuwa "kwa" ni neno la kusimama peke yake, akawa mtiifu kupita kiasi. Mwonyesheni kuwa "kwamba" yatoka katika kuamba, yaani kusema, na "kwanza" katika kuanza.)

Mtauliza, darasani tufanyeje? Twapendekeza sentensi moja ndefu kidogo iandikwe ubaoni: "Juma alikwenda kwa mjomba kwa baiskeli kwa haraka kwa sababu ya ugonjwa wa mama." Watoto wahesabu: "kwa" ni nne. Kisha mwalimu aulize, na ajizuie kueleza. Alikwenda wapi? Alitumia nini? Alikwendaje? Kilichompeleka ni nini? Watoto wenyewe watagundua kuwa kila "kwa" imejibu swali lake. Baada ya hapo mwalimu afute maneno "baiskeli" na "haraka", awaombe waweke mengine: kwa miguu, kwa gari, kwa woga, kwa siri. Mtoto atakayeweka "kwa shangazi" mahali pa "kwa baiskeli" asikatazwe. Aulizwe Juma sasa amefikaje, na kwa nini amekwenda nyumba mbili. Darasa likiwa na watoto 80, kama yalivyo mengi, kazi hii yawezekana katika makundi, kwani haitaki zana yoyote zaidi ya ubao.

Katika Hisabati twapendekeza jambo moja tu, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana: kabla ya kukokotoa, mtoto alisome swali lenye "kwa", kisha alisema upya bila kulitumia neno hilo. "Mita 12 kwa mita 3" iwe "urefu ni mita 12, upana ni mita 3". "Kilomita 60 kwa saa" iwe "kila saa moja huenda kilomita 60". Akishindwa kulisema upya, bado hajalielewa, na hapana faida kumpa kalamu. Mwalimu naye alijaribu kwanza swali lake kwa njia hiyo anapoandika andalio la somo. Maswali kadhaa yatamshinda, na hayo ndiyo ya kuandikwa upya.

Siku ya pili mwalimu yule mwanafunzi alilitoa darasa nje. Alikuwa na kamba na vijiti, na watoto wakapima bustani, mita 12 upande mmoja, mita 3 upande wa pili, wakaigawa kwa kamba kuwa miraba ya mita moja moja. Msichana yule alipewa kuihesabu. Alifika 36, akarudia tena tangu mwanzo, kisha akaomba daftari lake. Mwalimu alifuta alama ya kosa mbele ya wenzake, na katika daftari zote zilizokuwa na 4 akaandika: "Swali litarudiwa."

Sisi nasi tumeliondoa katika majaribio ya chuo swali la "Taja matumizi saba ya neno 'kwa'." La kuliweka mahali pake bado twalitunga, na wanachuo walio na mfano mzuri waliouona darasani wauletee ofisi ya idara ya Kiswahili kabla ya likizo.