Chuma Kizito Hakimlindi Mtoto

Mwambie fundi wa kuchomelea hapa Chikongola, Mtwara, akutengenezee stendi ya bembea ya mtoto, na siku ya kuichukua atakuonesha uimara wake kwa kujining'iniza mwenyewe kwenye bomba la juu. "Mama, kama inanibeba mimi, itashindwa na kichanga?" Hapo mteja hutoa pesa akaondoka ameridhika. Tumeamini kwamba stendi ikiwa nzito, mtoto yuko salama. Imani hiyo ni ya hatari, na nadhani umefika wakati tuiache.

Jaribio la fundi halipimi kitu. Mtoto wa miezi mitatu ana kilo tano au sita. Bomba gani litapinda kwa uzito huo? Stendi ya bembea haivunjiki, inapinduka. Ukibembeleza, uzito unavuta upande huu na upande ule, halafu kaka mtu wa miaka minne anakuja kudandia. Kinachoizuia isianguke hapo ni upana wa miguu yake ukilinganisha na urefu wake. Iwe ndefu na yenye miguu ya kubana, ule uzito tuliousifu ndio utakaomwangukia mtoto. Tena sisi tunaishi pwani. Chumvi huanza kula chuma kwenye maungio, chini ya rangi, na kamba ya manila inayosuguana na kulabu kila siku hulika uzi mmoja mmoja bila mtu kuangalia.

Hata hivyo, miguu ikipanuliwa na kutu ikidhibitiwa, bado kuna khanga yenyewe anamolala mtoto. Khanga iliyofungwa ncha mbili hugeuka mfuko. Mlaze mtoto humo umtazame kwa ubavu: makalio yamezama, mgongo umepinda, kichwa kimeinuka, kidevu kimegusa kifua. Njia yake ya hewa ni nyembamba na shingo haina nguvu ya kukinyanyua kichwa. Akigeuka, pua inazama kwenye kitambaa. Mtoto anayekosa hewa namna hiyo mara nyingi halii, nasi tulio nje tunasema, "Katulia."

Marekani waliliona hili mwaka 2009. Bembea za watoto za Amby, zenye stendi za chuma zilizotengenezwa kiwandani, ziliondolewa sokoni, karibu 24,000, baada ya vichanga wawili kukosa hewa humo na kufa. Bembea ilipoinama upande mmoja, mtoto aliweza kubiringika, akabanwa kwenye kitambaa.

Najua jibu litakalokuja: sote tumelelewa humo na tupo. Tupo sisi tuliobaki. Mtoto aliyekutwa amepoa alfajiri alizikwa siku hiyohiyo, watu wakasema degedege, wakasema kijicho, na hakuna aliyeuliza alilala vipi. Isitoshe, bibi zetu walikaa pale pale. Kamba ya kubembelezea ilikuwa mkononi mwa mtu mzima aliyekuwa akichambua mboga huku akimtazama mtoto usoni. Leo tunamlaza, tunamwachia dada yake wa miaka minane, tunakwenda sokoni, tukiamini stendi italea.

Simlaumu mama. Anayekaanga mihogo barazani hawezi kukaa na mbeleko mgongoni mbele ya mafuta ya moto, na bembea inampa mikono yake miwili. Aitumie, mtoto akiwa macho au akibembelezwa, naye akiwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Akishasinzia, amhamishie kitandani: godoro gumu lililo sawa, alale chali, bila mto, ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Mtwara ina malaria nyingi, na bembea inayoning'inia katikati ya chumba kwa kawaida huwa nje ya chandarua. Sijui kwa nini jambo hili la namna ya kumlaza mtoto halisemwi kliniki kila mama anapokuja kupima uzito wa mtoto.

Na ukienda kwa fundi, usimwache ajining'inize. Mwambie afupishe nguzo mpaka khanga ikae chini ya goti lako, apanue miguu pande zote nne, apitishe ubao kila upande ili kitambaa kitanuke kisifumbe. Kisha isukume ubavuni kwa nguvu zako zote kabla ya kulipa. Mtoto akianza kujigeuza mwenyewe, iondoe.