Usitupe hiyo padi, irushie ndege

Jamani wadau, nani kawadanganya kuwa simuleta ya ndege ni ya matajiri? FlightGear ni ya bure tangu 1997, na msimbo wake uko wazi. Andika --airport=HKMO, uko Uwanja wa Moi, hapa hapa Changamwe. Padi kuukuu ya PlayStation 2 yataka adapta ya USB tu. Kompyuta iliyochoka isiyoweza michoro iunganishe kwa waya wa mtandao, ionyeshe vipimo pekee.

Mwasema ni mchezo? Kweli, haitoi leseni ya urubani. Lakini mimi naandika programu kwa riziki, nawaambia: kijana wa Magongo aliyezifanya mashine mbili zizungumze ameshajifunza mitandao. Basi acheni kuzitupa, wapeni vijana.