Askari wa Mwili Wanapochoka

Mtoto akivimba taya hapa Mugunga, majirani husema ni jino. Mara nyingi ni jino kweli. Lakini uko uvimbe mwingine, na huo haungoji.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, aliandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya usiofanana na jipu. Ugonjwa ule sasa huitwa kwa jina lake. Ni kansa ya chembe nyeupe za damu, ndugu wa karibu wa leukemia. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walishika njia kwa gari kutoka Uganda hata Afrika ya Kusini, wakiuliza katika kila hospitali: je, mwauona uvimbe huu? Wakatambua ya kuwa karibu na ikweta, penye kimo kipitacho mita 1,500 hivi, hauonekani sana. Kule kwenye baridi mbu wa malaria ni wachache. Ziwa letu Kivu liko kwenye mita 1,460, basi sisi tunakaa mpakani. Na wako watoto kati yetu waliokulia chini, katika misitu ya Walikale.

Malaria yaingiaje katika habari ya kansa? Kiko kirusi kiitwacho Epstein-Barr, kilichogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda. Karibu watoto wetu wote hukipata wangali wadogo, nacho hukaa ndani ya chembe za damu maisha yote. Wengi hawadhuriki, kwa kuwa mwili una askari wake, chembe ziitwazo T, ambao huzunguka na kuua kila chembe iliyoasi. Huko Kenya wataalamu walipima damu ya watoto wa Kisumu, penye malaria mwaka mzima, na ya watoto wa Nandi, milimani. Mwaka 2007 walieleza kwamba kwa watoto wa Kisumu wenye miaka 5 hadi 9, askari wa kukipinga kirusi hicho walikuwa wamepungukiwa nguvu. Ndio umri ambao uvimbe huu huwapata wengi. Malaria huzidisha chembe zenye kirusi, na papo hapo huwaamsha walinzi usiku baada ya usiku, mpaka wanasimama mlangoni na bunduki wasiyoweza kuinua.

Katika leukemia pia madaktari wameona jambo kama hili. Askari waliokaa na adui siku nyingi huacha kumpiga. Naye adui, mwana wa nyumba ile ile, huvua alama ambayo wangemtambulia.

Basi chandarua si cha homa tu. Mkiona meno ya mtoto yanalegea bila sababu, jicho latokeza, au tumbo lavimba, msichanje wala msing'oe. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile. Uvimbe huu hukua upesi ajabu, lakini ukiwahiwa hutii dawa, na watoto wengi wamepona. Mkiambiwa ni jino, na baada ya siku tatu taya lingali linakua, rudini mkaombe kupelekwa hospitali kubwa.