Kabla hujaandika "orijino, haijachezewa"

Wauzaji wenzangu, leo nataka tugombane kidogo kuhusu neno moja. Neno lenyewe ni orijino. Ukipita kwenye kurasa zetu za kuuza magari ya zamani unalikuta kila posti: "Land Rover 109 pikapu, orijino kabisa, haijachezewa, njoo na fundi wako." Mimi nimeliandika mara nyingi kuliko wengi wenu. Siku hizi nasema hivi: kama hujapiga goti kwenye matope ukasoma namba ya chasisi, huna ruhusa ya kuliandika.

Nina duka dogo la spea hapa Lushoto mjini. Niliishia form four, magari nimejifunzia kaunta, kwa kuwauliza mafundi na wateja. Huku kwetu 109 si pambo. Ndiyo iliyobeba kabichi na abiria njia za Mlalo na Mtae miaka ambayo basi halikuthubutu. Kwa hiyo mzee mmoja wa upande wa Mlalo aliponipigia simu, "mwanangu, nisaidie kuitangaza hii gari, mjukuu anaingia chuo," nilipanda nikapiga picha saba, nikaandika yale maneno yetu ya kila siku, nikaweka na bei ya kutisha. Nilikuwa na sababu. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, kila mtu mwenye 109 uani anaamini amelalia dhahabu.

Mteja alitoka Arusha. Akashuka basi Mombo, akapandisha mpaka kwetu, tukaenda wote. Wala hakuanza na injini. Alichukua kitambaa, akainama mbele upande wa kulia, kwenye chuma kinachoshika springi, akasugua tope mpaka namba ikatokea. Akasoma, akanyamaza. Halafu akamgeukia mzee: "Baba, shikamoo tena, lakini hii gari haikuzaliwa pikapu."

Namba ilianza na 93. Kwenye Series III, zile zilizotengenezwa kuanzia 1971 mpaka kabla ya kuja namba ndefu mwishoni mwa 1979, 109 ya kawaida, zikiwemo pikapu, namba yake huanza na 91. Inayoanza na 93 ilitoka kiwandani Solihull ikiwa stesheni wagoni, ya milango mitano ukihesabu na wa nyuma. Yaani kuna fundi aliikata mgongo zamani, akaifanya pikapu. Mzee mwenyewe hakujua, aliinunua ikiwa hivyohivyo. Na kinachoniuma ni kwamba namba ileile iko kwenye kadi ya gari, niliishika mkononi, nikaipiga picha!

Kilichofuata sitakisahau. Majirani walikuwa wamejaa uani, na mmoja akasema kwa sauti, "kumbe gari feki." Mzee ambaye hajawahi kumdhulumu mtu anaitwa tapeli mbele ya wajukuu zake, kwa sababu ya maneno niliyoandika mimi kwenye simu yangu.

Sasa sikieni sehemu ya pili, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Yule mteja aliingia ndani ya kebini akaniuliza, "na hii mbona hukuitangaza?" Alishika kirungu kidogo pembeni ya gia. 109 ya kawaida ina virungu vitatu: gia yenyewe, chekundu cha kuingiza gia nzito za mlima, na cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele. Ukikuta cha nne, tulia. Mara nyingi hicho ni cha ovadraivu ya Fairey, kifaa kinachofungwa nyuma ya gia boksi ili injini izunguke taratibu mwendo ukiwa uleule. Enzi hizo ilikuwa nyongeza iliyokubaliwa na Land Rover wenyewe, na wanaojua wanaitafuta kwa tochi. Mimi nilidhani ni uchomeleaji wa fundi gereji, nikakipiga picha kwa bahati mbaya tu, nusu kimefichwa na kiti.

Yaani nilisifia kisichokuwepo, nikanyamazia kilichokuwepo.

Ndiyo maana siku hizi naandika kwa mafungu matatu: kilichotoka kiwandani, kilichofungwa na wakala enzi zake, na kilichofanywa gereji. Fungu la katikati ndilo linalotuchanganya. Ovadraivu, au wenchi ya mbele ya kuzungushia kamba (sisi watu wa Tanga kamba ya katani tunaijua), nyingi zilifungwa na mawakala baada ya gari kutoka kiwandani. Kwa hiyo usiandike "ya kiwandani" kama huna ushahidi. Andika "nyongeza ya enzi zake," inatosha na inauza.

Utajuaje ya gereji? Fungua boliti moja uangalie rangi ya chini. Kama chini ya kishikio kuna rangi mbilitatu zimelaliana, kile kitu kilikuja baadaye. Tundu la kiwandani ni safi, la gesi lina meno. Na nunua sumaku. Bodi ya Land Rover hizi ni aluminiamu, sumaku haishiki madigadi wala ubavu wa nyuma. Ile ya mzee ubavu wote wa nyuma uliidaka sumaku, pwaa! Ni bati la chuma la fundi. Chasisi na ukuta wa mbele ya dereva ni chuma tangu mwanzo, hapo usishtuke. Angalia na uso: Series III ina grili ya plastiki na saa zake ziko mbele ya dereva, wakati IIA saa ziko katikati. Ukikuta mchanganyiko, jua kuna gari mbili zimeoana.

Kibati cha namba kisikudanganye, kinashikwa na ribiti chache tu, kinahama. Iliyogongwa kwenye chasisi ndiyo ya kuaminia, halafu linganisha na kadi. Mteja mwenye hela akitaka uhakika zaidi, British Motor Museum pale Gaydon, Uingereza, wanatoa cheti kutoka kwenye vitabu vya kiwanda: ilitengenezwa lini, rangi gani, ilipelekwa wapi. Anakilipia yeye, si wewe. Na tafadhali, usirushe namba nzima ya chasisi hadharani. Funika tarakimu za mwisho, mpe inboksi aliye serious.

Najua wapo wataosema ukieleza yote hayo gari haitoki, na kwamba mnunuzi wa Lukozi anataka tu gari inayopanda mlima na viazi. Kweli, huyo hajali ilizaliwa na milango mingapi. Lakini posti yako haisomwi na Lukozi peke yake. Inasomwa na Arusha, Nairobi, na Mtanzania aliyeko Muscat. Wa Lukozi ukimwambia ilikatwa na fundi atauliza kama fundi aliimarisha chasisi, basi. Wa Arusha ukimficha atakupotezea siku na heshima. Na kukatwa si aibu. Mafundi wetu ndio waliofanya hizi gari ziwe barabarani mpaka leo, sasa kwa nini tuwafiche?

Yule wa Arusha alitaka kununua ovadraivu peke yake, mzee akakataa gari yake isichinjwe. Nikamwomba msamaha mbele ya wale majirani, nikafuta posti, nikaandika upya:

"Land Rover 109 Series III. Ilitoka kiwandani stesheni wagoni, ilibadilishwa kuwa pikapu hapa nchini. Bodi ya nyuma ni ya chuma, kazi ya fundi. Ina ovadraivu ya Fairey ya enzi zake, inafanya kazi. Namba ya chasisi na kadi zinalingana."

Ilikaa wiki tatu. Ikachukuliwa na mfanyabiashara wa mboga kwa milioni moja na nusu chini ya ile bei niliyoiota, na hakuomba punguzo hata shilingi siku ya kuja kuiona. Alikuja peke yake, bila fundi.