Milioni 60 za mawe yetu: tutazila kwa macho?

Kila mara neno FRIVAO likitoka kwenye radio, hapa Bengamisa watu wanainua kichwa kidogo, kisha wanarudi kwenye sahani. Wanasema: ile ni mambo ya watu wa mjini, wale waliopigwa mabomu. Sisi tulikuwa kwenye mashimo, kilomita 50 na kitu kutoka Kisangani, itatuhusu nini? Sisi wa sendika tulisema vile pia, miaka mizima. Tulikosea. Leo tunataka kueleza juu gani tulikosea, kwa maana awamu ya mwisho ya ile feza imepangwa kulipwa Septemba 2026, na sufuria ikisha kuoshwa hakuna atakayetuita kula.

Turudi nyuma kidogo, kwa ajili ya vijana waliozaliwa kisha. Tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya Kisangani. Majeshi mawili ya kigeni, katika mji usio wa yeyote kati yao. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa ilihesabu raia waliokufa kuwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa zaidi ya elfu moja. Tarehe 16 Juni, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1304 na kusema wazi kwamba nchi hizo mbili zinapaswa kutengeneza hasara walioleta. Wazee wetu hawakungoja azimio kujua wanapigania nini. Kisangani wakati ule, ukitembea katikati ya mji, kila nyumba ya tatu ilikuwa na picha ya almasi ukutani.

Kongo ilikuwa imekwisha kushitaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya La Haye tangu 1999. Rwanda nayo ilishitakiwa, lakini mwaka 2006 mahakama ilisema haina uwezo wa kuihukumu, kwa maana Rwanda haikukubali mamlaka yake. Njo vile: wawili walipigana, mmoja tu analipa. Hukumu ya kosa la Uganda ilitoka tarehe 19 Desemba 2005, na hesabu ya malipo ilitoka tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65, kila Septemba, kuanzia 2022.

Hapa njo tunaomba msomaji asimame, kwa maana wengi hawajasoma ukurasa huu. Zile milioni 325 hazikutolewa kwa jumla bila majina. Milioni 225 ni kwa hasara iliyopata watu: vifo, majeraha, ubakaji, watoto walioingizwa jeshini, waliokimbia makwao. Milioni 40 ni kwa mali: nyumba, masomo, hospitali. Na milioni 60 ni kwa utajiri wa asili: dhahabu, almasi, koltani, miti, wanyama. Milioni 60! Ile ni jasho la mtu mwenye tami na mpau. Hakuna malaika aliyeshuka kuchimba yale mawe ili askari wapate cha kuiba.

Na Kongo ilikuwa imeomba ngapi? Zaidi ya dola miliari 11. Ikapata 325, milioni. Watu wanasema wazungu wa La Haye walitudharau. Pengine. Lakini tukisoma hukumu tunakuta sababu nyingine, na inatuuma zaidi: mahakama ilirudia mara na mara kwamba karatasi hazikutosha. Nani alikufa, wapi, tarehe gani? Almasi ngapi zilitoka, mto gani, nani alichukua? Serikali yetu ilienda La Haye na hesabu kubwa na vithibitisho vidogo. Mahakama ikaweka hesabu ya jumla, sawa vile muuzaji anavyokukatia bei wakati mizani imeharibika.

Tuseme kweli yote, hata ile isiyotufurahisha. Mahakama iliona kwamba Ituri ilikuwa imekaliwa na Uganda, kwa hiyo kule Uganda inajibu kwa wizi wote, hata ule wa waasi. Nje ya Ituri, Kisangani na Banalia pamoja, Uganda inajibu kwa yale askari wake wenyewe walifanya. Ndugu zetu wa Mongbwalu wana haki nzito kuliko yetu katika zile 60, na hatutapigana nao. Lakini haki nyepesi si haki bure.

Sasa swali lenyewe. Nani ni mwathirika wa jiwe lililoibwa?

Mtu aliyekufa ana mjane. Nyumba iliyoanguka ina mwenyewe. Jiwe je? Ukiuliza Leta, jibu liko tayari katika Kode ya madini ya 2002, na ile mageuzi ya Machi 2018 haikuigusa: utajiri wa chini ya udongo ni mali ya Leta. Kwa hiyo Leta inasema, mwathirika ni mimi. Iliyoibiwa ni mimi. Milioni 60 ni zangu.

Hatukatai sheria. Tunakataa ujanja. Kwa maana angalieni vile tunavyoitwa kufuatana na mahali. La Haye, mawe tuliyotoa ni hasara ya taifa, yanaandikwa katika hukumu, mawakili wanavaa joho juu yake. Banalia, mtu yule yule, tami ile ile, anaitwa klandesten. Kode inataka awe na karte ya mchimbaji, awe ndani ya kooperativi iliyokubaliwa, na achimbe ndani ya ZEA, eneo lililotengwa na waziri kwa wachimbaji wadogo. Sawa. ZEA iko wapi karibu na mashimo yetu? Mtu anapewa sheria ya kulala kitandani, kitanda hakuna, halafu analipishwa amande kwa kulala chini. Njo namna Leta inavyoshika watu mkononi: haikatazi kazi, maana inajua tutaifanya, ila inakuacha ndani ya kosa kila siku, ili yeyote mwenye kofia akikuta, uwe na deni kwake. Mtu mwenye deni haulizi habari ya milioni 60.

Tulikuwa vijana wakati ule, miaka 18, 20. Tuliteremka na mawe madogo yaliyofungwa katika kitambaa, tukafika kwenye kizuizi. Askari alifungua kitambaa, akachagua, akatuachia mawili ya rangi ya chai. Alivaa kofia gani hatutasema, kwa maana vizuizi vilikuwa vingi na kofia zilibadilika. Tulishukuru! Ndiyo, tulimwambia asante, mkubwa, kwa kutuachia mawili. Tunaandika hii si kwa kulia, ni kwa kuonyesha kwamba hasara ile ilikuwa na mikono na miguu, haikuwa ya kitu kinachoitwa taifa peke yake. Yule PDG wa shimo, mzee ambaye wengi hapa wanamjua, aliandika katika kaye: tarehe, uzito kwa karati, waliokuwa kazini, kilichochukuliwa njiani. Tulimcheka. Kaye ile ingali iko. Panya wamekula pembe moja tu.

Ile feza sasa inapita wapi? FRIVAO ni mfuko wa Leta, makao yake Kisangani, uliundwa kwa dekreti ya 2019 kugawia waathirika malipo ya Uganda. Wako waliopokea. Wako wengi wanaokaa mbele ya mlango na karatasi yao ndani ya sashe. Mwaka 2024 uongozi wake ulisimamishwa. Kisha ikaja ile ya 2025, ambayo nchi nzima iliifuata: Constant Mutamba, Waziri wa Sheria, alishitakiwa kwa karibu dola milioni 20 zilizotolewa kwa kampuni moja kwa kujenga gereza Kisangani, na ilisemwa kwamba ni feza ya waathirika. Bunge likatoa ulinzi wake, akajiuzulu mwezi wa Juni, na tarehe 2 Septemba 2025 Korti ya Kasasyo ikamhukumu miaka mitatu ya kazi ya nguvu. Yeye alikana mpaka mwisho, akasema ni njama ya adui zake. Hatukai ndani ya kichwa chake wala cha majaji.

Lakini acheni tuulize swali ambalo hata kesi haikuuliza kwa sauti. Kama lile gereza lingejengwa vizuri, ukuta mpaka juu, mabati mapya, ingekuwa sawa? Feza ya watu waliopigwa mabomu, kujenga kashoo ya kuwafungia watoto wao? Kinshasa, watu walibishana kama feza ilikuwa ndani ya akaunti au imetoka, kama karatasi za soko zilifuata njia. Nani alikuja Kisangani kuuliza waathirika wanataka nini? Mwizi ni ugonjwa mmoja. Ugonjwa mwingine, ule usiopelekwa kortini, ni kwamba mtu mmoja katika ofisi, mwizi au mtakatifu, anaweza kuamua peke yake.

Na hapa tuna silaha, wandugu, ambayo hatukutengeneza sisi. Katika ile hukumu ya 2022, mahakama iliandika kwamba imepokea ahadi ya Kongo: feza itagawiwa kwa haki, chini ya uangalizi wa vyombo ambamo wamo wajumbe wa waathirika na wa sosyete sivili. Ikaongeza tena kwamba mfuko uangalie pia njia ya kufanya kazi kwa faida ya jamii nzima zilizoumizwa. Jamii nzima! Hii njo mlango wetu. Hatuna lazima ya kuthibitisha jiwe la fulani, karati ngapi, mwaka gani. Tunaweza kusema: vijiji hivi viliishi kwa kuchimba, mawe yao yalichukuliwa, leteni maji, leteni kituo cha afya chenye dawa, tengenezeni barabara ya taifa namba 4 ambamo mwanamke wa mchimbaji anazaa juu ya toleka kabla hajafika mjini.

Mtu atatuuliza: mtagawaje zile 60? Mbona Leta yenyewe inajua kugawa. Kode ya 2018 imekata redevansi ya madini hivi: nusu kwa Kinshasa, 25 kwa mia kwa jimbo, 15 kwa mia kwa ETD, yaani sekta, sheferi au komine ambamo madini yanatoka, na 10 kwa mia kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tufuate kipimo kile kile. 15 kwa mia ya milioni 60 ni milioni 9. Kwa sekta na sheferi zote zilizoibiwa, Ituri mpaka kwetu. Hata nusu ya ile ya gereza haifiki. Hatujaomba mbingu. Tena, ili tuwe wazi: ile 15 kwa mia ya ETD, pale inapolipwa, tumeona vile inaweza kuishia kwenye pikipiki ya mkubwa mmoja. Kwa hiyo kamati ya kuangalia iwe na mchimbaji ndani, na mama mmoja muuzaji wa chakula cha mashimo, kwa maana hao wanajua kuhesabu kuliko sisi.

Wako kati yetu wasiokubali. Wanasema: sendika inachelewesha, afadhali kila mtu aandikishe jina lake apate yake. Wiki hizi wanapita watu na pikipiki, wanaandika majina ya waathirika kwa franka, na wanashauri mtu aongeze marehemu asiyekuwa wake. Tunawaomba: msitie jina la uongo. Si kwa sababu sisi ni mapadri. Ni kwa sababu kila jina la uongo ni sababu ya kufunga dosye yote, na wakubwa wanangoja sababu. Yule aliyepoteza mtu kweli, Mangobo au Tshopo au Lubunga, atarudishwa nyumbani juu ya jina letu la uongo.

Wengine, vijana zaidi, wanataka tufunge barabara. Tunaelewa hasira yao. Lakini tukifunga barabara, wa kwanza kukaa njaa ni sisi, na wa pili ni yule mwenye lori la ndizi ambaye hajatuibia kitu. Tuanze na barua yenye sahihi elfu kwa bunge la jimbo, nakala kwa FRIVAO, nakala kwa magazeti. Ombi liwe la vitu viwili tu: mjumbe wa wachimbaji katika uangalizi wa mfuko, na tangazo la wazi, kwa Kiswahili na Lingala, juu ya zile milioni 60: zimeingia ngapi, ziko wapi. Wasipojibu kabla ya awamu ya Septemba, tutakutana tena kusema juu ya barabara.

Kikao ni Jumapili ya pili ya mwezi, kisha misa na ibada kwisha, chini ya paillote ya sendika, Bengamisa. Wanawake waje, wasitume waume. Anayejua kuandika aje na biki. Na yeyote aliye na kaye ya zamani ya shimo, karatasi ya kontwari, hata bahasha ya negosia yenye uzito wa jiwe, aje nayo. Tutaipiga picha pale pale na kumrudishia mkononi.