Kabla ya Kubuni Istilahi, Muulizeni Fundi wa Kanzu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumzwa fedha na mifugo. Hata hivyo, lugha nayo ni mali, na katika Kiswahili imo hazina moja inayoelekea kwisha bila habari, nayo ni msamiati wa kazi za mikono, hususan ushonaji na utarizi. Makala haya yanashikilia kuwa dai linalosikika mara kwa mara katika kumbi za mihadhara, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kueleza ufundi wa mataifa mengine, mara nyingi halitokani na uchache wa maneno. Linatokana na uvivu wa kuuliza. Ushahidi utakaotolewa hapa unatoka mahali ambapo wengi hawangetarajia: katika mavazi ya Ulaya ya Zama za Kati.

Huko Ulaya na Marekani, wapo watu wengi ambao hushona kwa mkono mavazi ya mtindo wa zama hizo. Mojawapo ya vyama vyao vikubwa kilianzia Berkeley, California, mwaka wa 1966. Wao hushona kanzu za sufu na za kitani, vifuko vya kuning'iniza mshipini na kofia za kufunika kichwa na mabega, kisha huvitarizi kwa nyuzi za hariri. Anayewatazama kwa mbali atadhani wanacheza. Ukweli ni kwamba walio makini miongoni mwao hufanya kazi inayokaribia utafiti, kwa kuwa kila mshono lazima uwe na ushahidi. Ushahidi huo upo. Mwaka wa 1921, mwanaakiolojia Poul Nørlund wa Denmark alifukua makaburi ya Herjolfsnes, kusini mwa Greenland, akakuta maiti zilizovikwa nguo za sufu ambazo ardhi iliyoganda ilikuwa imezihifadhi kwa karne kadhaa. Mwaka wa 1936, katika kinamasi cha Bocksten nchini Sweden, ulipatikana mwili wa mtu aliyeuawa katika Zama za Kati akiwa na mavazi yake yakiwa karibu kamili. Aidha, katika udongo wenye majimaji wa London vimepatikana vipande vya nguo vya karne ya 14, vingine vikiwa na vifungo vya kitambaa na matundu yake yaliyozungushiwa hariri kwa sindano.

Nguo hizo zilikatwaje? Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio. Kitambaa kilikuwa ghali, nacho kilitoka katika kitanda cha mfumi kikiwa na upana wenye mipaka. Fundi hakuweza kukipoteza ovyo kwa kukata mapindo na mapindo. Alikata vipande vyenye pande zilizonyooka. Kiwiliwili kilikuwa kipande cha mstatili, mbele na nyuma. Ubavuni, na wakati mwingine katikati pia, alipachika vipande vya pembetatu, vyembamba juu na vipana chini, ili nguo ipanuke na mvaaji aweze kutembea au kupanda farasi. Chini ya kwapa alitia kipande kidogo cha pembe nne ili mkono uinuke bila nguo kuchanika.

Mtafsiri wa vitabuni akipewa maelezo hayo katika lugha ya kigeni, huenda akashika kichwa. Atafungua kamusi ya lugha mbili, akose neno, kisha aandike "kipande cha pembetatu cha kuongezea upana" kila mara, au mbaya zaidi, atohoe neno la Kiingereza. Lakini fundi wa kanzu wa Lamu au Mombasa aliyefunzwa kazi na wakubwa wake hashiki kichwa. Kile kipande cha kiwiliwili yeye hukiita badani. Kile cha pembetatu cha ubavuni hukiita taharizi. Kile cha chini ya kwapa ni kikwapa. Ukimwonyesha ukingo wa mkono uliokunjwa ndani atasema ni sijafu. Kitambaa kinachotiwa shingoni kwa ndani ili kuikaza ni kaba. Na ulimi unaokaa nyuma ya mpasuko wa kifuani ni lisani. Kabla ya kushona atapiga bandi, yaani atashikiza vipande kwa mishono mirefu ya muda. Mshonaji wa Sweden na fundi wa Lamu hawakuigana. Tatizo moja limezaa suluhisho moja. La muhimu kwa wanaisimu ni kwamba Kiswahili kilikwisha kulipa suluhisho hilo majina, na majina hayo yanatosha kueleza vazi la Bocksten tangu shingoni hadi pindoni.

Wala si maneno yaliyojificha. Baadhi yake yamo katika kamusi ya Johnson ya mwaka wa 1939, ambayo ingali katika rafu za maktaba. Ajabu ni kwamba mwanafunzi anaweza kuhitimu shahada ya Kiswahili akijua kufafanua mofimu ya njeo na asijue taharizi ni nini, ilhali huenda kila Ijumaa yeye au jirani yake huivaa.

Mfano wa pili unathibitisha kuwa wakati mwingine Kiswahili kina uwezo wa kueleza mambo kwa usahihi zaidi kuliko lugha zinazosifiwa. Katika mji wa Bayeux, Ufaransa, kulihifadhiwa kwa karne nyingi kitambaa maarufu cha karne ya 11, chenye urefu wa takriban mita 70, kinachosimulia jinsi Wanormani walivyoiteka Uingereza mwaka wa 1066. Waingereza na Wafaransa hukiita kwa jina la kawaida la kitambaa ambacho picha zake zimefumwa katika kitanda cha mfumi. Jina hilo si sahihi. Picha za Bayeux hazikufumwa. Ni nyuzi za sufu za rangi zilizopitishwa kwa sindano juu ya kitani kilichokuwa tayari kimefumwa. Kwa Kiswahili sanifu, jambo hili hueleweka kwa vitenzi viwili tu: kitani kilifumwa, picha zikatariziwa. Ni kweli kwamba mitaani kitenzi kufuma hutumiwa pia kwa sweta na vitambaa vya mezani, lakini hiyo ni sababu ya mhadhiri kuufundisha ufumi na utarizi kwa makini, wala si sababu ya kuvitupa vitenzi vyenyewe.

Neno tarizi lenyewe lina nasaba tukufu. Lina ukoo na neno la Kiarabu tirazi, lililotumiwa kwa nguo za heshima zenye maandishi na kwa karakana za watawala zilizozitengeneza. Mfano mashuhuri ni joho la mfalme Roger wa Pili wa Sicily, ambalo sasa limehifadhiwa Vienna. Lilitengenezwa Palermo mwaka wa 528 wa Hijria, yaani 1133 au 1134. Ni hariri nyekundu iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu na lulu, ikiwa na simba wawili wanaowaangusha ngamia, na ukingoni mwake kuna maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kikufi. Mfalme alikuwa Mkristo. Maandishi yalikuwa ya Kiarabu. Baadaye joho hilo likavaliwa na wafalme wa Kijerumani walipotawazwa. Hivyo basi, anayeshona leo nakala ya joho hilo anaweza kuieleza kazi yake kwa Kiswahili kwa neno lililo jamaa ya lile la karakana ya Palermo. Pwani ya Afrika Mashariki nayo haikuwa kisiwa katika ulimwengu huo wa nguo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka wa 1331, alitunukiwa na mwenyeji wake nguo ya hariri ya kufunga kiunoni, vazi la kitambaa cha Misri, joho, na kilemba cha Misri chenye pindo za mapambo.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba taifa linahitaji istilahi za tarakilishi na za tiba, si za majoho ya wafalme waliokufa. Hoja hiyo ina uzito, lakini imekosea mahali pamoja. Maneno ya tarakilishi yanaweza kubuniwa kesho na keshokutwa kwa kuwa mashine zipo. Fundi anayejua lisani akifariki kabla ya kuulizwa, huenda akazikwa na neno lake. Isitoshe, kanzu nyingi zinazouzwa madukani siku hizi huja zikiwa zimeshonwa na mashine ng'ambo, na muuzaji hana haja ya kujua jina la kipande chochote. Anachohitaji kujua ni saizi na bei. Bandu bandu huisha gogo.

Haidaiwi hapa kwamba Kiswahili kina kila neno. Watarizi wa Ulaya walikuwa na ufundi ambao uzi wa dhahabu hautobolewi kitambaani mara kwa mara, bali hulazwa juu yake na kukazwa kwa vishono vidogo vya hariri, kwa kuwa dhahabu ni ghali na huchakaa inapovutwa. Ikiwa mafundi hawana jina lake, basi libuniwe kwa kufuata mantiki ya kazi yenyewe: mshono wa kulaza. Lakini ubunifu huo uje baada ya kuuliza, si kabla. Anayebuni kabla ya kuuliza hukirundikia Kiswahili visawe ambavyo hakuna mshonaji atakayevitumia.

Yapasa basi vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vichukue hatua ndogo zinazowezekana. Kila likizo, mwanafunzi aende kwa fundi mmoja wa kanzu au mshonaji mmoja wa kofia za mkono, akiwa na daftari, na nguo yenyewe ikiwa mbele yao. Aandike neno, achore kipande, ataje mji na lahaja, na akikuta mafundi wawili wanatofautiana, aandike tofauti hiyo bila kuisawazisha. Amwamkie fundi inavyostahili, aketi, asubiri kazi isimame. Idara nazo zikubali mikusanyo hiyo kuwa kazi ya kitaaluma inayostahili alama, na majarida kama haya yatenge ukurasa wa kuichapisha. Hapo daftari litakuwa limepatikana, na mali haitaisha bila habari.