Bora seva iseme "hapana" kuliko kununa

Haya wadau, najua nimepotea wiki nzima. Sijadisko wala sijarudi kijijini. Nilikuwa nakesha na seva.

Mnaikumbuka ile programu yetu ya bei za dagaa, kazi ya mwaka wa mwisho? Mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba anauliza bei kwa simu, ombi linafika kwenye API yetu, seva inajibu. Kwenye laptopu yangu ilikuwa inateleza tu. Siku 4 kabla ya kuwasilisha, mwenzangu akaandika jaribio lake, akatuma ombi, basi. Jibu hakuna, kosa hakuna. Tukaenda kunywa chai, tukarudi, bado linasubiri!

Tulilaumu kila kitu: intaneti ya hosteli, umeme, hata laptopu ya watu. Usiku wa pili ndio nikaona. Seva yetu ikiwaka inapita hatua 3: inasoma mipangilio, inafungua hifadhidata, inapakia orodha ya bei. Zikiisha inatoa ishara kwamba iko tayari, na kila ombi nimeliandika lisubiri ishara hiyo kwanza. Mwenzangu, ili jaribio liende chapchap, aliichukua programu moja kwa moja bila kupitia hatua za kuwasha. Sasa ishara ingetoka wapi? Na jaribio lenyewe lilitumia maktaba ya Python iitwayo requests, ambayo usipoitajia muda wa kusubiri, inasubiri bila kikomo. Mmoja hajibu, mwingine hachoki. Mtakesha!

Wenzetu wakasema kosa ni la aliyeruka hatua. Mimi nabisha. Kosa kubwa ni langu, niliyejenga seva inayoweza kurukwa hatua halafu ikanyamaza. Wavuvi wa dagaa wanawasha taa kwanza, giza la usiku usio na mwezi, dagaa wakusanyike, ndipo wanavuta wavu. Ukiruka taa, wavu unatoka mtupu na unauona mtupu pale pale. Seva yangu haikukuonyesha hata huo utupu.

Jamaa mwingine akashauri tuweke tu muda wa kusubiri, yaishe. Hapana bwana. Ukifanya hivyo peke yake utaambiwa muda umekwisha, na utarudi kulaumu intaneti.

Tulichofanya ni hiki. Kwanza, njia ya kuwasha ni moja kwa wote. Jaribio nalo linapita humo humo, ila linapewa orodha fupi ya bei za kubuni ili lisichelewe. Pili, ombi likikuta seva haiko tayari linajibiwa hapo hapo kwa namba 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, na kumbukumbu za seva zinataja hatua iliyokosekana. Hatua ikishindwa kabisa, seva inazima yenyewe na kusema kwa nini. Tatu, ndipo tukamwekea anayeuliza sekunde 5. Zikipita, anaambiwa ajaribu tena.

Mnaweza kusema namshupalia mtu kwa mambo ya kompyuta. Lakini kuna mama mmoja pale Mwaloni aliyekubali kutujaribia. Siku ile seva imenuna alikuwa na mnunuzi mbele yake, simu mkononi. Aliniambia, "Mwanangu, ungeniambia hujui bei ningemuuliza jirani. Umeninyamazia, mteja kaondoka."

Sikuwa na la kujibu. Gunia zake zilibaki pale pale.

Kwa hiyo wadau mnaoandika programu, kabla ya kudesa mistari ya mtu, jiulizeni: ikiamka vibaya, itasema? Kama haisemi, hamjamaliza kazi, hata kama kwenye laptopu yenu inakimbia.

Kesho saa 4 asubuhi tunawasilisha. Tuombeeni, sapu siitaki.